Turudishieni vitufe vyetu

Nasema bila kupepesa macho: vipokea sauti vya kugusa, hivi vidogo visivyo na waya ambavyo nusu ya Nairobi inatembea navyo masikioni, vina kasoro ya muundo, na kasoro hiyo si ya mtumiaji. Si ya kidole chako. Mara nyingi si ya simu yako pia. Ni ya wale walioamua kwamba kitufe kimepitwa na wakati, wakaweka mahali pake plastiki laini isiyobonyea, isiyo na alama, na isiyokwambia lolote mpaka uwe umeshamkatia mtu simu.

Kazi yangu ni kuandika programu, na kwa sababu hiyo ukoo mzima umeniteua kuwa fundi wa kila kitu chenye betri. Vidude hivi huletwa kwangu kila mwezi. Malalamiko ni yale yale. "Nikigusa mara moja hakifanyi kitu, nikigusa mara mbili kinampigia mtu niliyeongea naye jana." "Nikivaa kofia muziki unasimama." "Sikio la kushoto halisikii amri." Na karibu kila mlalamishi huanza kwa kujilaumu: labda mimi ndiye sijui kukitumia. Shangazi yangu, mwenye duka lake na hesabu zake zote kichwani, aliniambia, "Mwanangu, vitu hivi ni vya nyinyi vijana." Hapana, shangazi. Vitu hivi ni vya hovyo, basi.

Leo nitafanya mambo mawili. Kwanza nitawapa njia ya kutafuta tatizo liko wapi, maana wengi wanatupa vifaa vizima au wanamlipa mtu bure. Pili nitaeleza kwa nini tusingepaswa kuhitaji njia hiyo hata kidogo. Mwenye haraka aruke hadi kwenye orodha. Mwenye hasira kama mimi asome yote.

Safari ya amri

Ukigusa kipokea sauti unadhani umeiambia simu isimamishe wimbo. Sivyo. Umegusa kipande cha shaba kilichofichwa chini ya plastiki. Chipu iliyo ndani hupima jinsi chaji ya kipande hicho inavyobadilika kidole kinapokaribia. Ikiridhika kwamba badiliko ni kubwa vya kutosha, huhesabu: mguso mmoja. Kisha husubiri, maana huenda wa pili unakuja, na wa tatu. Muda ukiisha, chipu hutafsiri hesabu hiyo kuwa amri na kuirusha kwa simu kupitia Bluetooth.

Kwenye Bluetooth kuna barabara mbili. Amri za muziki hupita kwenye kanuni iitwayo AVRCP, na huko kila amri ni namba tu: 0x44 ni cheza, 0x46 ni tua, 0x4B ni mbele, 0x4C ni nyuma. Amri za simu hupita kwenye kanuni nyingine, HFP, na lugha ya huko ni amri za AT, zile zile zilizoanza na modemu za Hayes mwaka 1981. ATA ni pokea. AT+CHUP ni kata. AT+BLDN ni piga namba ya mwisho. Naam, kidude ulichonunua juzi kinaongea na simu yako kwa lafudhi ya modemu ya 1981. Mimi sina ugomvi na hilo. Kanuni iliyoandikwa wazi na kuchapishwa huzeeka vizuri. Ugomvi wangu uko kwingine, nitaufikia.

Amri ya muziki ikifika, Android huigeuza kuwa tukio la kitufe: 126 ni cheza, 127 ni tua, 87 ni wimbo unaofuata. Kisha mfumo lazima uamue tukio hilo limwendee nani kati ya programu zote ulizofungua. Tangu Android 8.0, iliyotoka 2017, jibu ni programu iliyocheza sauti mwisho. Ndiyo maana ukitazama video kwenye kivinjari, halafu ukagusa sikio ukitarajia nyimbo zako, inaanza ile video. Si jini. Ni kanuni, ila hakuna aliyekwambia.

Sasa hesabu viungo: kidole, kihisi, chipu inayohesabu, Bluetooth, mfumo wa simu, programu ya muziki. Viungo sita. Kimoja tu ndicho chako, na ndicho kinacholaumiwa kila mara.

Tafuta tatizo, usilibahatishe

Fanya kwa mpangilio huu. Usiruke, na usibadilishe mambo mawili kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua lipi limeponya.

1. Sikiliza mlio. Vipokea sauti vingi hutoa mlio mdogo vinapotambua mguso. Gusa. Mlio ukitoka na muziki usibadilike, kihisi ni kizima, na tatizo liko kuanzia Bluetooth kwenda mbele. Mlio usipotoka, anza na kifaa chenyewe.

2. Anzisha wimbo ukitumia skrini ya simu, uache ucheze sekunde kumi, kisha gusa. Hapo umeshaamua ni programu gani itapokea amri. Ikifanya kazi, ugonjwa ulikuwa programu nyingine kushika usukani.

3. Mguso wa kwanza haufanyi kitu lakini wa pili unafanya? Huenda kifaa na simu hazikubaliani kuhusu hali ya muziki. Vipokea sauti vingi havitumi amri moja ya "geuza". Hutuma cheza au tua kulingana na vinavyodhani. Kama kifaa kinadhani muziki unacheza ilhali ulishausimamisha kwenye skrini, kitatuma "tua" kwa muziki uliotua tayari. Wewe unaona kimya, unadhani kidole chako kimekosea. Dawa ya muda ni kusimamisha na kuanzisha muziki kwa njia ile ile moja, ama skrini ama sikio. Dawa ya kudumu iko kwa mtengenezaji.

4. Jaribu kwenye simu nyingine. Jaribio hili huchukua dakika mbili na huamua nusu ya kesi. Likifaulu huko, acha kukisugua kifaa. Shughulika na simu yako.

5. Mwenye tarakilishi, waya na adb afanye hivi: wimbo ukiwa unacheza, andika adb shell input keyevent 85. Namba 85 ni ile ya kugeuza, cheza au tua. Wimbo ukisimama, simu na programu ya muziki ni wazima wa afya. Mtuhumiwa ni kipokea sauti au Bluetooth. Usiposimama, andika adb shell dumpsys media_session usome ni programu gani inayoshikilia vitufe. Hapo huhitaji kubishana na mtu yeyote.

6. Kausha na usafishe. Kihisi cha aina hii hakijui tofauti ya kidole na tone la jasho. Kitambaa kikavu na laini kinatosha. Safisha pia sehemu inayotambua kwamba kifaa kiko sikioni, kwa sababu baadhi ya vipokea sauti huzima kabisa migusano vikidhani vimevuliwa. Nta kidogo ya sikio inaweza kukunyima vidhibiti vyote.

7. Upande mmoja tu umekufa? Rudisha vyote viwili kwenye kasha, ufunge, subiri, kisha uvitoe pamoja. Katika vifaa vingi upande mmoja ndio unaoongea na simu na mwingine hupitishia amri zake kwa mwenzake. Mwenzake asipomsikia, amri hufia njiani hata kama muziki unasikika. Isipofaa, fuata utaratibu wa kurudisha hali ya kiwandani, ambao kila mtengenezaji ameuficha kwa namna yake.

8. Kwenye mipangilio ya Bluetooth ya simu, fungua jina la kifaa na uhakikishe swichi zote mbili zimewashwa, ya sauti ya muziki na ya simu. Ya simu ikizimwa, utasikia muziki vizuri lakini hutaweza kupokea simu kwa kugusa. Halafu mwambie simu akisahau kifaa, na umuunganishe upya.

9. Sauti inaruka kutoka kunong'ona hadi kupasua kichwa? Fungua chaguo za wasanidi kwa kugusa namba ya muundo mara 7 kwenye ukurasa wa kuhusu simu. Mle ndani kuna swichi ya kuzima ule utaratibu wa simu na kifaa kushiriki kiwango kimoja cha sauti, na pia orodha ya matoleo ya AVRCP. Badilisha kimoja, zima na kuwasha Bluetooth, ujaribu. Isipobadilika, rudisha ilivyokuwa.

10. Mwisho kabisa, na ni mwisho kwa sababu nitakayoieleza, pakua programu ya mtengenezaji uangalie kama ishara zimebadilishwa au zimezimwa.

Ukimaliza hatua hizo kumi utakuwa umejua. Sasa rudi usome tena orodha hiyo kama mtu wa kawaida. Hatua kumi. Adb. Chaguo za wasanidi. Yote hayo ili mtu aweze kusimamisha wimbo! Mimi nimesomea sayansi ya kompyuta na kazi hii inanichosha. Mama mboga afanyeje?

Zamani ilikuwa namba nne

Hebu nikumbushe vipokea sauti vya waya vilifanyaje. Waya mmoja wa maikrofoni, na kitufe kilichounganisha waya huo na ardhi kupitia kizuizi cha umeme. Google walichapisha jedwali lote kwa watengenezaji wa Android: ohmu 0 ni cheza, tua au pokea, ohmu 240 ni ongeza sauti, ohmu 470 ni punguza, ohmu 135 ni msaidizi wa sauti. Yamekwisha. Namba nne. Fundi yeyote wa Luthuli Avenue mwenye mita angeweza kukwambia kitufe gani kimekufa, na angekiponya kwa kipande cha bei ya andazi.

Kilikuwa na lingine ambalo hatukulithamini: kilibonyea. Kilisema tik. Kidole chako kilijua kabla ya sikio lako kwamba amri imepokelewa. Katika kazi yetu hilo tunaliita mrejesho, na ni somo la kwanza kabisa la kuunda kiolesura chochote. Mtumiaji akitenda, mwonyeshe papo hapo kwamba ametenda. Kipokea sauti cha kugusa kimevunja somo la kwanza, halafu kikauzwa kwa jina la maendeleo.

Halafu kuna muda. Eneo moja la kugusa likipewa kazi tano, mguso mmoja, miwili, mitatu, wa kushikilia na wa kuburuta, chipu haiwezi kujibu mguso wa kwanza hadi ihakikishe kwamba wa pili hauji. Huo si uvivu wa mhandisi, ni hesabu. Android yenyewe hutumia milisekunde 300 kuamua kama mguso mmoja ni nusu ya migusano miwili. Windows hungoja hadi milisekunde 500 kwa mibofyo ya puku. Kwa hiyo kila ishara mpya wanayojisifia kwenye boksi inakucheleweshea ile moja unayoihitaji kila siku. Umeongezewa ishara ya kumwita msaidizi ambaye hata hakuelewi ukisema Kiswahili cha nyumbani, na bei uliyolipa ni kwamba wimbo hausimami konda anapokuitisha nauli.

Hili si jambo dogo

Najua kuna atakayesema: wewe, watu wana shida za maana, unalilia vitufe. Sawa. Nitakupa watu watatu.

Mwendesha boda aliye na kipokea sauti chini ya helmeti, kwenye Thika Road, mvua inanyesha. Hapaswi kuvaa, najua, lakini anavaa, kwa sababu wateja wake hupiga simu. Helmeti inagusa plastiki, maji yanagusa plastiki, na kifaa kinapokea, kinakata, kinampigia mtu tena. Anainua mkono kukinyamazisha. Mkono huo ulikuwa wa kushika usukani.

Kijana anayesubiri simu ya mahojiano ya kazi. Simu inaingia, anarekebisha kipokea sauti kidogo ili asikie vizuri, na kule kurekebisha kunahesabiwa kuwa mguso. Simu imekatwa. Anayepiga hajui habari za kihisi. Anajua tu kwamba amekatiwa. Aliyewahi kutafuta kazi Nairobi anajua kwamba simu ya aina hiyo haipigwi mara mbili.

Na asiyeona. Jirani yangu mmoja huitumia simu yake yote kwa kusikiliza, skrini inamsomea. Kwake kipokea sauti ndicho kioo. Kitufe kilichoinuka anakipata kwa ncha ya kidole na kukitofautisha na kingine. Plastiki laini haina herufi. Akiigusa tu kuitafuta, ameshaiamuru. "Kijana wangu," aliniambia, "hiki kitu ni kama mlango unaofunguka ukiutazama." Alirudi kwenye vile vya waya, na simu yake ijayo huenda isiwe na tundu la waya. Sasa niambieni hilo ni jambo dogo.

Hoja zao, moja moja

Wanaotetea kugusa wana hoja tatu, na si haki kuzipuuza.

Ya kwanza: kitufe kina upenyo, na maji huingia. Hoja hii ilishajibiwa na vifaa vyenyewe. Jabra Elite 8 Active ya 2023 ilikuwa na vitufe vya kubonyeza na bado ilipimwa IP68, kiwango kinachokinga vumbi na kuzamishwa majini. Kwa hiyo inawezekana. Masikitiko ni kwamba Juni 2024 kampuni mama, GN, ilitangaza kwamba inaufunga ukoo huo wa Elite. Walioheshimu kitufe wameondoka sokoni.

Ya pili: ukibonyeza kitufe unakisukuma kifaa ndani ya sikio, na inauma. Hii ni kweli tupu, naikubali. Lakini jibu lake si kuondoa ubonyezaji, ni kuugeuza mwelekeo. AirPods Pro za Oktoba 2019 ziliweka kihisi cha nguvu kwenye mkono wake, ukaminya kwa vidole viwili. Nguvu moja inaikabili nyingine na sikio linapumzika. Kifaa kinatoa mlio kama wa kitufe. Hedifoni za AirPods Max za 2020 zilikwenda mbele zaidi zikaweka gurudumu la kuzungusha, kama redio ya babu. Kampuni iliyoiondoa soketi ya waya kwenye iPhone 7 mwaka 2016 ndiyo hiyo hiyo iliyorudi kwenye gurudumu. Wanajua.

Ya tatu haisemwi hadharani: kugusa ni rahisi kwa mtengenezaji. Eneo la kugusa linaweza kuwa shaba tu iliyochorwa kwenye ubao wa saketi, bila springi wala kipande kinachosogea. Bei yake inakaribia sufuri. Hapo ndipo penye ukweli. Kitufe hakikuondolewa kwa ajili yako, kiliondolewa kwa ajili ya karatasi ya gharama, halafu idara ya matangazo ikaambiwa itafute maneno matamu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Wenye magari walipitia ulevi huu huu wa skrini, na sasa wanaamka. Euro NCAP, wanaopima usalama wa magari Ulaya, katika kanuni zao za 2026 wanahesabu kama gari lina vidhibiti halisi vya taa za kugeuka, taa za tahadhari, honi, waipa na simu ya dharura. Imegunduliwa upya kwamba binadamu ana vidole vinavyohisi.

Eti "unaweza kubadilisha ishara kwenye programu"

Hii ndiyo hoja inayonitoa povu, kwa hiyo nimeiweka peke yake.

Naam, unaweza kubadilisha. Pakua programu, tumia bando lako, fungua akaunti, toa barua pepe, kubali kurasa za masharti ambazo hutasoma, na mara nyingi toa ruhusa ya kujua uko wapi. Hadi Android 11 kulikuwa na kisingizio, kwa sababu mfumo wenyewe ulidai ruhusa ya mahali ili programu itafute vifaa vya Bluetooth. Android 12, ya 2021, ilileta ruhusa ya pekee ya kutafuta Bluetooth. Simu yako ikiwa mpya kuliko hapo na programu ya vipokea sauti bado inataka kujua unalala wapi, muulize aliyeiandika anazipeleka wapi habari hizo.

Na ukivitumia vifaa nje ya boma la mtengenezaji, unanyimwa kabisa. AirPods zikiunganishwa na simu ya Android zinacheza na kutua, lakini ukurasa rasmi wa kubadilisha ishara uko kwa wenye vifaa vya Apple. Watu wa programu huria wamejaribu kuvunja ukuta: Gadgetbridge, kwa mfano, inaweza kudhibiti vipokea sauti kadhaa vya Sony na Samsung bila akaunti na bila kutuma chochote nje. Kazi nzuri sana, na imefanywa kwa kuchungulia mawasiliano baiti kwa baiti, kwa sababu wenye siri hawakuchapisha kitu. Zamani jedwali lilikuwa na namba nne na lilikuwa wazi kwa wote. Leo ni la siri na linafungiwa.

Wapo watakaosema programu hizo zinahitajika kwa masasisho ya usalama. Kweli. Juni 2025 watafiti wa ERNW walionyesha kwamba chipu za Airoha, zilizomo katika vipokea sauti vya kampuni nyingi, zilikuwa na njia ya ndani isiyomuuliza mtu utambulisho, kiasi kwamba aliye karibu kwa Bluetooth angeweza kusoma na kuandika kumbukumbu ya kifaa. Marekebisho kama hayo yanahitaji njia ya kufika kwenye kifaa. Basi wekeni programu ya masasisho, hakuna anayekataa. Lakini ruhusa ya kusasisha si leseni ya kumfanya mtu afungue akaunti ili asimamishe wimbo.

Sheria inasemaje

Wakenya wengi hawajui kwamba jambo hili limo kwenye Katiba. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, na pia haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa hiyo. Kisha ikaja Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012.

Sasa fungua boksi la vipokea sauti vyako. Kijikaratasi cha ukubwa wa stempu, herufi za kuhitaji lenzi, lugha kadhaa za watu, na jedwali la ishara ambalo mara nyingine ni la modeli nyingine kabisa. Kiswahili, ambacho Kifungu cha 7 kinakitaja kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, hakimo. Duka moja la mjini nililoliuliza ishara ya kuzima vihisi lilinijibu, "Bosi, hiyo ni ya tachi, utazoea." Utazoea si maelekezo. Utazoea ni kukubali kwamba umeshalipa na hakuna wa kukusaidia.

Tunachodai

Kwa watengenezaji, hasa wanaouza kwa wingi Afrika Mashariki, madai ni matano na hakuna hata moja linalohitaji uvumbuzi:

1. Kitendo kimoja, mbonyezo mmoja, kiwe cheza, tua, pokea. Siku zote, kwenye kila simu, bila programu.
2. Kuwe na njia ya kuzima migusano yote kwa kutumia kasha lenyewe, bila akaunti.
3. Jedwali la ishara lichapishwe kwenye boksi, kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka.
4. Mapendeleo ya mtumiaji yahifadhiwe ndani ya kifaa, yasihifadhiwe kwenye seva.
5. Siku mtakapoacha kukihudumia kifaa, chapisheni lugha ya mawasiliano yake ili wengine wakihudumie.

Na kwa wewe mnunuzi, usilipe kabla ya kujaribu mambo manne pale pale kaunta. Kivae, kisha kirekebishe kama unavyofanya kila siku. Kikitenda kitu, kirudishe. Lowesha ncha ya kidole ugusie, kikichanganyikiwa, kirudishe. Mwombe mwenye duka akupigie, upokee na ukate kwa sikio. Muulize kinazimwaje migusano. Asipojua, na boksi lisiposema, fedha yako ibaki mfukoni. Vipo vya vitufe bado, na vipo vya kuminya. Viulizie kwa jina: "vya kubonyeza." Muuzaji akiulizwa mara kumi kwa siku atawauliza wanaomletea, nao watawauliza wanaotengeneza. Soko huwa halisikii blogu, lakini husikia mteja anayeondoka.

Sisi tunaoandika programu nasi tuna deni letu hapa. Kila tunapoficha kitendo cha kila siku nyuma ya ishara isiyoonekana, eti kiolesura kiwe safi, tunamfanyia mtu jambo lile lile. Kitufe ni ahadi: ukibonyeza hapa, kitatokea hiki. Asiyetaka kuweka ahadi asiuze kifaa.

Mwenye modeli iliyokataa hatua zote kumi aiandike jina lake hapo chini, pamoja na toleo la Android na hatua aliyokwama. Nitajibu nikitoka kazini.